Kitambaa Umeleta Mwenyewe, Mbona Bei Haishuki?

Swali hilo naulizwa mpaka nimelizoea, ila safari hii limefika pabaya. Dada mmoja alileta mabaki ya kitenge cha sare ya harusi, anataka pochi 20 za zipu awagawie wanakamati kama shukrani. Nikamtajia bei ya kuanzia, shilingi 8,000 kwa pochi, kabla ya punguzo lolote. Akaguna: "Fundi, si kitambaa ni changu?" Akabeba mfuko wake, na jioni nikaletewa ujumbe kutoka grupu la kamati kwamba kwangu mtu analipia kitambaa mara mbili. Nusu ya grupu hilo ni wateja wangu. Basi nijibu hapa, kila mtu asome.

Tuanze na hicho kitambaa. Pisi ya kitenge ni yadi 6, na upana wake kwa kawaida ni sentimita 115 hivi. Pochi ya sentimita 20 kwa 14 inataka vipande viwili vya nje, kila kimoja 23 kwa 17 ukiacha nafasi ya mshono. Yadi moja, ukiipanga vizuri na kama ua lake si kubwa, inatoa pochi 12. Chukua kitenge cha shilingi 30,000 kwa pisi: yadi ni 5,000, gawa kwa 12, unapata kama 400. Hicho ndicho kitambaa "chako" ndani ya pochi moja. Hiyo 400 nakupunguzia, wala sibishani. Anayetaka nishuke mpaka 4,000 kwa sababu ameleta kitenge, hesabu yake kaipigia wapi sijui.

Ndani ya hiyo pochi kuna vipande viwili vya bitana, yaani kitambaa cha upande wa ndani. Kuna viwili vya kitambaa cha gundi, kile kinachobandikwa kwa pasi, jamaa yake wa kwenye kola ya shati. Kuna vipande vidogo viwili vya kufunika ncha za zipu. Halafu zipu yenyewe, namba 5, si zile nyembamba za gauni. Hivyo vyote sivioni kwenye mfuko wa mteja anayesema kaleta kila kitu. Na vyote vinakatwa, vinapigwa pasi, vinashonwa, kona zinapunguzwa, pochi inageuzwa, inapigwa pasi tena.

Hapo ndipo mteja anapokuja na dawa yake: "Usitie bitana wala gundi, kitenge chenyewe kigumu."

Kigumu, ndiyo, kikiwa dukani. Ule ugumu ni wanga na madawa ya kiwandani. Kata kipande kidogo, kifue kwa sabuni, kianike, kisha kishike ukilinganisha na ambacho hakijafuliwa. Khanga ndiyo zaidi, inalegea mara ya kwanza tu ikiingia majini. Pochi isiyo na kitu ndani inapendeza siku ya kukabidhiwa, na baada ya kufuliwa inajikunja, haisimami tena.

Na kulegea ni afadhali. Kibaya ni nyuzi. Mshono usio na bitana unaacha kingo za kitambaa wazi ndani, zinachomoka kidogo kidogo kila mkono unapoingia kutafuta nauli. Uzi mmoja unanasa kwenye meno ya zipu, mtu anavuta kwa nguvu, kichwa cha zipu kinatoka upande mmoja, pochi imekwisha. Mama mmoja aliwashonea walimu wa mwanawe zawadi za namna hiyo, alinibembeleza nisitie bitana ili bei ishuke, nikakubali shingo upande. Zilirudi karibu zote. Kutia bitana kwenye pochi iliyokwisha shonwa maana yake ni kufumua pande zote na zipu, kukata upya kingo zilizochakaa, kisha kushona tena. Alilipa kuliko bei ya kwanza, na pochi zikatoka ndogo kuliko zilivyokuwa. Tangu hapo kazi ya bila bitana siipokei, hata uwe shoga yangu.

Kuna nyingine nililetewa nitengeneze, imeshonwa kwingine, mteja anasifu ilivyosimama vizuri na kwa bei poa. Nikaifumua pembeni, nikakuta ndani wametia kipande cha mfuko wa kubebea bidhaa, ile mifuko iliyojaa sokoni baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku hapa Tanzania Juni 2019. Inafanana na kitambaa, lakini nayo ni plastiki, nyuzi zake zimegandamizwa pamoja. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, na pasi ukiiweka alama ya pamba inakaribia 200. Mwenye pochi aliipiga pasi kwao, ikajikunyata na kugandana na kitenge. Hakuna fundi wa kuitoa hiyo. Bei poa!

Wanaoshona wenyewe nyumbani kisha wananiletea nitie zipu tu, nawaheshimu, zawadi ya mkono wako ina uzito wake. Ila zipu huanza, pande hufuata. Ukiniletea pochi imeshafungwa pande tatu, kwanza nitaifumua, na kufumua nakutoza. Na ukijaribu mwenyewe, acha zipu wazi kabla ya kufunga upande wa mwisho, la sivyo utashindwa kuigeuza.

Khanga nazo zina kesi yake. Kila mtu anataka jina lionekane kwenye pochi. Jina la khanga limechapwa kukaa mwilini mwa mtu, kwenye pochi ya sentimita 20 utapata neno moja, pengine nusu. Kwa jina zima nakushauri mkoba mkubwa wa bega. Halafu doti moja ina majina mawili tu, moja kila upande wa doti. Mikoba 12 yenye jina ni doti sita, si mbili kama alivyoniletea bibi harusi mmoja, akanuna nilipomwambia. Kwa kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, siweki bitana nyeupe hata uililie. Nyekundu ikichuja, bitana inakuwa ya waridi yenye mabaka, na lawama inakuja kwa fundi. Khanga zote naziloweka na kuzikausha kabla ya mkasi, kwa hiyo usiniletee Ijumaa ukitaka Jumamosi.

Kuhusu mabaki ya sare: fundi wa gauni akishakata, anachokurudishia ni vipande vya pembe pembe. Pochi iliyokatwa kwa mshazari inapinda hata ukiibandika gundi, na kutafuta upande ulionyooka kwenye vipande 30 vya ukubwa tofauti kunakula muda kuliko kushona. Mwambie akuachie yadi moja nzima kabla hajaanza kukata. Kwa pochi 20 mwambie mbili.

Bei ni hizi: pochi ya zipu 8,000, au 7,600 ukija na kitambaa chako, mkoba wa bega wenye mfuko wa ndani 18,000, na hapo kitambaa ni kingi, tunazungumza. Kuanzia pochi 10 napunguza 500 kwa kila moja. Nusu unalipa unapoleta kitambaa. Oda za harusi za Desemba naanza kuzipokea Oktoba, na ikifika katikati ya Novemba nafunga daftari.