Vumbi la barabara linaua miti yetu Changamwe

Mhariri,

Nilisomesha sayansi shule ya msingi hadi nikastaafu, na hili la vumbi linaniuma. Pangusa kwa kidole jani la mkungu ulio mbele ya nyumba yangu: juu ni kijivu cha vumbi la malori, chini ndipo unapoiona kijani.

Kijani hiyo ni klorofili. Imo ndani ya kloroplasti, yaani vifuko vidogo vilivyomo katika seli za jani, na kazi yake ni kunasa mwanga wa jua. Mizizi huleta maji. Kaboni dioksaidi huingia kwa vitundu vidogo mno, vingi vikiwa upande wa chini wa jani. Kwa nguvu ya mwanga huo, molekuli 6 za kaboni dioksaidi na 6 za maji huzaa 1 ya glukosi, yaani sukari, na 6 za oksijeni. Oksijeni hiyo wengi hudhani yatoka kwenye kaboni dioksaidi. La, yatoka kwenye maji! Wanasayansi Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walilionyesha hilo kule Marekani mwaka 1941. Na glukosi ndiyo inayojenga shina, matawi, hata kungu wanazookota watoto.

Sasa jani lililopakwa vumbi litapata wapi mwanga? Mvua ya masika huliosha, lakini kiangazi ni kirefu.

Nawaomba wanaotengeneza barabara hii wamwage maji asubuhi na jioni, na malori ya mchanga yafunikwe turubai. Nasi wakazi, tuinyunyizie maji miti iliyo milangoni petu.

Mwalimu mstaafu,
Changamwe, Mombasa