Nasema 350, mume wangu anasema stika haivuti tela

Shangazi, shikamoo.

Usingizi umegoma, nimeona bora niandike. Unayajua maisha ya huku Texas, sina haja ya kukueleza kwa nini watu wetu wanaacha kazi za maghala na kuingia kwenye kubeba magari kwa pikapu na tela. Mume wangu naye ameamua. Sikumpinga. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu huko nje anasema nampinga.

Ugomvi ni pikapu. Yeye amechagua Ford F-250 iliyotumika, ya dizeli, milango minne, 4x4. Mimi nasema kaka yake, F-350, inayobeba zaidi. Nilipomwonyesha stika ya mlangoni, inayosema gari linabeba uzito gani, mbele ya shemeji zangu, akacheka, akasema, "Stika haivuti tela." Wakacheka wote. Sasa kila nikifungua mdomo kuhusu gari, mmojawapo ananirudishia maneno hayohayo.

Ni kweli stika haivuti, inayovuta ni injini. Nani alisema injini itashindwa? Injini ya lita 6.7 iko kwenye 250 na iko kwenye 350, gia boksi ni ileile, chasisi kwa sehemu kubwa ni ileile. Hapo ana haki na nilimpa haki yake. Lakini kuvuta ni jambo moja na kubeba ni jambo lingine. Tela la guzneki, lile lenye shingo inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu, haliburuzwi tu, linalalia mgongo wa pikapu juu ya ekseli ya nyuma, kwa asilimia 20 mpaka 25 ya uzito wake wote. Lile la kufunga nyuma ya bampa hulalia asilimia 10 mpaka 15. Huo uzito wa pini ndio unaoua hizi 250, na kipeperushi cha muuzaji hakiutaji. Kinakwambia linavuta paundi 20,000, na hesabu hiyo imepigwa kwa gari lisilo na mbwembwe, lenye dereva na abiria wa paundi 150 kila mmoja. Mume wangu hana 150 tangu tufunge ndoa.

Sikiliza hesabu yenyewe, halafu uniambie kama ni ya kuchekwa.

Stika ya njano na nyeupe kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi paundi 2,312. Hiyo ni namba ya gari lilelile, na vikorombwezo vyake vyote. Ndiyo maana 250 mbili za mwaka mmoja zinapishana kwa mamia ya paundi: dizeli ni nzito kuliko petroli, 4x4 inaongeza, paa la kioo linaongeza, na kila kinachoongezeka kwenye gari kinakatwa kwenye mzigo. Sasa toa dereva, 210 (yeye anasema 190). Toa minyororo, mikanda ya kufungia magari, jeki, vifaa na tairi za akiba za tela, 250. Toa chuma cha guzneki kinachofungwa chini ya bodi, maana hili halikuja nacho, 150. Zinabaki 1,702.

Tela alilolipenda ni la guzneki, limeandikwa uzito wa juu 16,000, pamoja na mzigo. Likijaa, asilimia 20 ni 3,200. Kazidisha karibu paundi 1,500 kabla hajatoka getini. Tela lenyewe likiwa tupu lina 6,000. Kwa zile 1,702, kwa asilimia 20 hiyohiyo, tela na mzigo wake havitakiwi kuzidi 8,510, yaani mzigo ni 2,510 tu. Corolla moja ina karibu 3,000. Corolla moja, Shangazi! Na yeye pesa anazihesabu kwa magari matatu.

Anasema atafunga bagi za hewa kwenye springi. Bagi zinanyanyua matako ya gari lisilale, basi. Namba ya mlangoni haibadiliki, kwa sababu ekseli, rimu, tairi na breki ni zilezile. Anasema pia atasogeza gari zito nyuma ya ekseli za tela ili pini iwe nyepesi. Pini ikiwa nyepesi mno, tela linaanza kutikisa mkia, na kwenye mteremko mkia huo ndio unaoongoza pikapu. Tairi zake nilizisoma nikiwa nimepiga magoti: LT275/70R18 daraja E, kila moja inahimili 3,638 zikijazwa upepo psi 80, mbili ni 7,276. Tairi zinabeba, nakubali. Ila ekseli ya nyuma kwenye karatasi nyeupe imeandikwa 6,340, na ukijumlisha uzito wa gari lenyewe kwa nyuma na ile pini, umepita. Matako yanalala, pua inaangalia juu, taa zinamulika juu ya miti. Na akisahau kupima upepo hata mara moja kwenye lami ya Agosti, tairi yenye mzigo wa kikomo haina msamaha.

Sitaki kumwonea, ana hoja moja nzito. Pikapu yenye uzito wa juu unaoruhusiwa, gari na mzigo wake, wa 10,000 ikiunganishwa na tela la 16,000 inafika 26,000 kamili, na CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, inaanza 26,001 pale tela linapozidi 10,000. Kwa hiyo kwa leseni ya kawaida anaendesha magari yake matatu. Hilo ni kweli na ndilo limemtia upofu, kwa sababu sheria ya leseni haiulizi springi zinabeba nini. Tena anaamini 10,000 hiyo inamwepusha na DOT, idara ya usafirishaji. Haimwepushi. Ukibeba kwa malipo kutoka jimbo hadi jimbo, pikapu na tela vinajumlishwa, na kuanzia 10,001 unahitaji namba ya DOT, cheti cha daktari, kumbukumbu za saa za kuendesha, na bima isiyopungua dola 750,000, ingawa madalali wa mizigo wengi wanataka milioni. Makaratasi hayo nitayashughulikia mimi, si shemeji.

F-350 ya tairi singo, moja kila upande nyuma, niliyoiona ina uzito wa juu wa 11,500 na stika ya 3,740. Ukitoa vilevile 610 zinabaki 3,130. Iunganishe na tela la 14,000, jumla ni 25,500, CDL haitakiwi. RAV4 mbili za 3,500 juu ya tela la 6,000 ni 13,000, na hata pini ikifika asilimia 24 bado uko ndani, kwa kubana. Magari mawili badala ya matatu, sawa, lakini yanafika. Na tofauti yenyewe kati ya 250 na 350 singo sehemu kubwa ni springi za nyuma na kinachoandikwa mlangoni. Ukienda kwa pikapu za Ram ndiyo unaiona kwa macho: 2500 ina koili nyuma, 3500 ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa.

Ukiniuliza rohoni ningetaka dabo, yenye tairi mbili kila upande nyuma. Njia yake itakuwa Dallas kwenda Denver, kwa barabara ya 287 kupitia Amarillo, halafu Raton. Upepo wa Amarillo unapiga ubavuni kutwa, na Raton Pass, njia ya kuvuka mlima, iko futi 7,834, unapanda na kuteremka na mzigo wa watu. Tairi nne nyuma hazitetereki, moja ikipasuka unapata nafasi ya kutoka barabarani. Lakini dabo ina uzito wa juu wa 14,000, na tela la 16,000 inakuwa 30,000, hapo CDL ya daraja A haikwepeki. Na tangu Februari 2022 lazima kwanza usome kwa mkufunzi aliyesajiliwa, ndipo ufanye mtihani. Nikamwambia basi akasome, mimi nitabeba nyumba. Akaniuliza kama namuona dereva mwanafunzi. Kwa hiyo dabo sijaitaja tena. Tairi zake sita nazo ni gharama, na ikiwa tupu kwenye majani mabichi inateleza kama sabuni.

Wala siing'ang'anii 350, Shangazi. Angechukua hiyohiyo 250 na tela la bampa la 10,000 la magari mawili madogo, ningenyamaza. Asilimia 12 ni 1,200, na bila kile chuma cha guzneki nafasi iliyopo ni 1,852. Anaanza taratibu, anajifunza njia, mwakani anabadilisha. Nilimwambia. Akasema tela la bampa ni la kubebea mashine za kukata majani.

Kitu kimoja tu nimemwomba, na ndicho kinachoniuma kuliko kicheko. Rafiki yake ana 250 na tela kama hilohilo. Waende mzani wa CAT kwenye kituo cha malori tela likiwa na magari. Ekseli ya mbele kwenye bamba la kwanza, ya nyuma la pili, tela la tatu, bonyeza kitufe, chukua karatasi. Halafu shusha tela, rudi na pikapu peke yake ndani ya saa 24, ada ya pili ni ndogo. Mbele na nyuma ya mara ya kwanza, toa mbele na nyuma ya mara ya pili, uzito wa pini ndio huo. Mzani hauna mume wala mke. Kama namba ikitoka nimekosea mimi, napika pilau nawaita shemeji wote waje wanicheke vizuri. Hataki. Anasema hawezi kwenda kupima maneno ya mke wake kwa mzani.

Mimi simfuatilii, na sijawahi kumwambia hajui kuendesha. Anaendesha vizuri kuliko wao wote. Ila wao wanaocheka hakuna hata mmoja anayeweka senti.

Jumamosi tunatakiwa kwa muuzaji. Mkopo unatoka kwa jina langu, kwa sababu la kwake benki imelikataa, na hili wale shemeji hawalijui na sijalisema kwa yeyote isipokuwa wewe. Nikikataa kusaini, atajua nimemuumbua, na wao watauliza kwa nini gari halijaja. Nikisaini, na tela likalala Raton, ni jina langu kwenye mkopo na ni yeye kwenye kiti.

Nakuuliza 250 au 350 na nimeshakujibu mwenyewe, naona. Basi niambie hili: mwanamke anakataaje kusaini bila kumvua mumewe nguo mbele ya ndugu zake? Au nimwambie benki imebadilisha masharti, wanataka 350? Huo utakuwa uongo, najua. Nijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Mimi, mke wa mtu, Texas