Alhamisi: Macbeth, tendo la 2, onyesho la 2

Habari zenu wanakikundi. Alhamisi saa 2 usiku tunaendelea na Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, na safari hii tunakaa kwenye onyesho moja tu. Mwenye tafsiri ya Kiswahili ya Mushi ya 1968 aje nayo tulinganishe.

Angalieni: mfalme Duncan anauawa nje ya jukwaa. Tunachoona ni Macbeth akirudi na majambia mkononi, kasahau kuyaacha kwa walinzi ili wao ndio washukiwe. Na kinachomsumbua zaidi ni kwamba wawili waliogutuka usingizini walipoomba dua, yeye alishindwa kuitikia "Amina". Majambia anayarudisha mkewe. Lakini mke huyo huyo keshasema angemuua Duncan mwenyewe, kama mzee asingefanana na baba yake alivyolala. Wengi humwona ana roho ya jiwe. Mimi naona ufa umeshaanza hapo. (Walimu wa fasihi, najua mtabisha.)

Kuna wanaodai kilele cha tamthilia si hapa, ni ile karamu ya mzimu wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth aliamuru auawe, tendo la 3. Njooni na mistari, si hisia. Ambaye hajasoma, karibu kusikiliza.