Namanga isifungwe kwa hasira

Ndugu Mhariri,

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, wa kurahisisha biashara kati ya nchi wanachama, ulianza 2005 na makao makuu ya Jumuiya yako hapa hapa Arusha, lakini mpaka wa Namanga, kati ya Tanzania yetu na Kenya, bado unageuzwa fimbo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hofu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Malori yakakwama, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache, mahindi yaliyofunikwa turubai juani hayasubiri vikao. Nasi tulikwisha kufanya mabaya zaidi: 2017 tulichoma moto vifaranga zaidi ya 6,000 vilivyotoka Kenya. Viumbe hai, jamani!

Sumukuvu ni hatari kweli. Basi upimwe kila mzigo: mbovu uteketezwe, mzima upite. Kuzuia mazao ya nchi nzima ni kumwadhibu mkulima wa Karatu aliyekausha mahindi yake vizuri.

Wanaosema tulinde viwanda vya ndani wamtazame na mnunuzi. Tangu 2022 baadhi ya bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, samani zikiwemo, hutozwa ushuru wa asilimia 35, na mzigo huo anaubeba mwananchi dukani.

Mawaziri wakutane Namanga kwenyewe, wazungumze na madereva.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Arusha