Barua kwa Mama Pacha, kuhusu ule mtaro wa nyuma

Mama Pacha mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Watoto wazima, baba yao mzima, nami mzima isipokuwa mgongo, unaoniuma tangu Jumamosi kwa sababu utakayoiona huko mbele. Najua umenikasirikia. Umeniandikia mara mbili sijajibu, na mara ya pili hukutia hata salamu, uliuliza tu, "Kuna nini?" Kuna jambo, mwenzangu. Nimekaa kuandika mara tatu nikachana, kwa kuwa ni jambo la nyumba yako, na nilikuwa natafuta namna ya kulisema lisikuumize.

Nianze na mepesi. Ile taa ya kona imewaka, baada ya miezi yote ile tuliyopita pale tukishikana mikono gizani. Watoto sasa wanacheza chini yake mpaka waitwe mara tano. Mwalimu amestaafu na anafundisha wadogo hesabu kibarazani kwake, bure, na ubao ameutundika ukutani. Karakana ya jirani wa juu bado inakata vyuma usiku. Tulikwenda kuzungumza naye, akasikiliza vizuri, akaacha kwa wiki moja. Mbwa wa nyumba ya kijani amezaa.

Bi Mkubwa ndiye ninayetaka kukueleza.

Ile mvua kubwa ya usiku, sijui kama huko kwenu ilifika, iliingia ndani kwake. Si kwa paa. Ilitoka nyuma, kwenye mtaro, ikapanda ukuta, ikaingia kwa mlango wa jikoni. Alipoamka viatu vilikuwa vinaelea. Unamjua na miguu yake, hawezi kusimama bila kushika kitu, na maji yanayokimbia, hata yakiwa ya kina cha sentimita 15 tu, humwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake. Akakaa juu ya kitanda akagonga ukuta kwa fimbo. Nilisikia kugonga nikadhani ni radi. Nakwambia hili na mkono unatetemeka: nilisikia, nikajigeuza upande wa pili. Aliyetoka ni kijana wa Fundi. Alipoufungua mlango maji yalikuwa karibu ya magoti. Akambeba mgongoni mpaka kwangu.

Yuko salama. Alilala kwetu siku kadhaa, na godoro lake bado tunalianika kila jua likitoka, ingawa nadhani halitapona.

Basi Jumamosi tukatoka. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Fundi, Mwalimu, vijana kama wanane, na sisi akina mama. Tukashika koleo na sururu, tukaufuata mtaro kuanzia kule chini unakoangukia kijito, tukipanda nao kidogo kidogo. Mwalimu ndiye aliyesema tuanzie chini, kwa maana ukianzia juu unasukuma taka zikazibe mbele. Kule chini ulikuwa mkavu na safi! Mtaro mkavu siku chache baada ya mvua ile. Hapo Fundi alisimama akakuna kichwa, akasema, "Maji hayafiki huku."

Tukapanda hadi kwenye geti lako.

Mama Pacha, unakumbuka tulipouchimba mtaro ule? Wewe ulikuwa na mimba ya wale wawili, ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa unatuamrisha. Kwenye geti lako tuliweka kalavati la sentimita 60, maana Fundi alikataa dogo. Kalavati lile halipo. Mpangaji wako ameling'oa, akalaza bomba la sentimita 30, akamwaga zege juu ili gari lake lipite bila kudunda. Kwa macho unaweza kudhani njia ya maji imebaki nusu. Siyo nusu. Duara ukilipunguza upana kwa nusu, nafasi inayobaki ni robo, na kwa kuwa maji husuguana na kuta za bomba, yanayopita kwa kweli ni pungufu hata ya robo. Mwalimu alituchorea pale pale kwenye tope kwa kijiti, hata vijana waliochoka wakanyamaza kumsikiliza.

Na nyuma ya bomba hilo, nikutajie tulichokitoa: nepi, mifuko ya plastiki iliyoshikamana kama ngozi, kandambili zisizo na wenzake, shati zima la shule, matawi. Bomba dogo halizibi lenyewe. Linasubiri tawi moja likwame mlangoni, kisha kila kinachokuja kinalishika tawi. Kinyesi cha watoto kilikuwa humo pia, na tope lile lile ndilo lililoingia jikoni kwa Bi Mkubwa. Ndipo mgongo wangu ulipokwisha.

Sitaki udhani makosa yote tumeyatua mlangoni kwako. Tangu uondoke, nyumba za juu karibu zote zimemwaga saruji uani. Zamani ua ulikuwa udongo, mvua ikinyesha nusu yake inazama. Sasa hakuna tone linalozama, yote yanateremka kwetu, tena kwa pamoja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo si ya ajabu, ikiangukia paa na ua wenye jumla ya mita za mraba 100, ni lita 4,000. Tani nne, kutoka nyumba moja. Tukahesabu nyumba 20 zilizo juu yetu: lita 80,000 zinatafuta njia, na njia ni moja. Nami saruji nimemwaga, unajua, uliiona ikimwagwa. Jumatatu nimembembeleza Fundi akavunja ukanda wa mita moja pembeni ya ukuta wote, nimepanda nyasi. Ni kidogo, lakini nisingeweza kukuandikia wewe kabla sijagusa ya kwangu.

Tukafanya kikao jioni ile ile, tope likiwa bado miguuni. Kijana mmoja, simtaji, akataka nyundo iletwe usiku huo huo bomba livunjwe. Wengi wakaitikia. Hakuna aliyetaja jina lako, lakini wote walinitazama mimi. Nikasimama nikaomba wiki mbili. Nikasema mwenye nyumba ni mtu wetu, niacheni nimwandikie. Mpangaji alikuwepo, na alizungumza kwa adabu, siwezi kumsingizia. Alisema amejenga kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Sikujua nimjibu nini. Ulimpa? Au alikuuliza tu kama anaweza kutengeneza njia ya gari, ukasema ndiyo kama ambavyo mtu yeyote angesema? Mimi naamini ni hilo la pili, na nimewaambia hivyo.

Mwalimu ndiye aliyewatuliza. Alisimulia habari ya London, mwaka 1854, mtaa wa Soho. Kipindupindu kilizuka mwisho wa Agosti, na kabla hakijaisha kiliua watu zaidi ya 600 kwenye vichochoro vichache. Wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, akaenda mlango kwa mlango akiuliza maji mnachota wapi, akaona wanaokufa wengi wanachota kwenye pampu moja ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. Hiyo sehemu niliwahi kuisikia. Sikuwa nimesikia kuhusu kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead. Yeye hakumwamini Snow, na alianza kuchunguza ili amkosoe. Lakini aliwajua watu wale kwa kuwatembelea, wakamweleza wasiyomweleza mgeni, na ndiye aliyegundua ilikoanzia. Kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha katika nyumba namba 40, iliyokuwa karibu kabisa na kisima. Mama yake alifua nepi akamwaga maji kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Matofali ya shimo yalikuwa yamechakaa, uchafu ukapenya mpaka kisimani.

Mwalimu akasimama hapo, hakuongeza neno. Mimi nikawa nafikiria tu yule mama na nepi zake. Mtoto wake alikufa. Alikuwa anafanya kazi ambayo mimi na wewe tumeifanya usiku na mchana, na chini ya miguu yake ukuta wa shimo ulikuwa umekwisha bila yeye kujua. Ndiyo maana nilipata nguvu ya kukuandikia. Mpangaji wako alitaka gari lipite. Wewe uko mbali. Hakuna aliyemkusudia Bi Mkubwa ubaya, lakini bomba bado liko pale pale na sisi tunaliona.

Halafu kuna mbu. Maji yaliyosimama nyuma ya geti lako yana viluwiluwi, unawaona wanavyojikunja ukipitisha kivuli. Yai la mbu hadi mbu anayeruka, kwenye joto, ni kama siku saba hadi kumi. Mpangaji ameweka pia matairi ya zamani pembeni ya ukuta, na mvua ikinyesha yanajaa. Mbu wanaoeneza homa ya dengi hupenda maji madogo kama hayo, ya tairi, ya kifuniko cha ndoo, ya sahani ya chini ya chungu cha maua, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Mayai yao yanaweza kukaa makavu miezi, yakisubiri maji. Tumekubaliana kila Jumamosi asubuhi kila nyumba imwage na kusugua vyombo vyote, kwa kuwa ukifanya hivyo kila wiki unawakatiza kabla hawajaota mabawa. Watoto wa mpangaji wako nao wanacheza pale pale. Mdogo wao ana vipele vya kuumwa mguu mzima. Nilimpaka dawa juzi, akanionyesha jino lililong'oka.

Ombi langu ni hili, na nakuomba kama dada. Mwandikie mpangaji wako wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba unaruhusu lile bomba litolewe. Fundi anasema hatarudisha kalavati, ataacha mtaro wazi upana wote na kufunika kwa mifuniko ya zege yenye nondo, mipana ya kutosha gari kupita, inayoweza kunyanyuliwa na watu wawili wakati wa kusafisha. Njia ya gari haitapotea. Mwambie hivyo, maana naona anaogopa hilo kuliko lote. Vijana watafanya kazi, kamati imeshakusanya vifaa kutoka kila nyumba, hata za juu, wala hatukuombi mchango. Tunakuomba neno lako. Akilipata neno lako hataona kuwa majirani wamemvamia, na kijana wa nyundo hatakuwa na la kusema.

Wiki mbili nilizoomba, moja imeshakwisha nikichana karatasi.

Bi Mkubwa amerudi kwake tangu jana, hakutaka kuzuiwa. Ameweka kitanda juu ya matofali manne. Ananiuliza kila siku, "Mama Pacha amesemaje?" Sijamwambia kwamba nilikuwa sijaandika. Hakuuliza kwa hasira, anataka kujua tu, na pia anataka kujua kama pacha bado wanalala kitanda kimoja.

Je, wanalala? Na yule wa pili ameacha kuogopa giza? Kazi mpya imekuzoea au bado unarudi usiku? Ulipompangisha mtu huyu mliandikiana chochote kuhusu kujenga? Ile ramani ya kiwanja chako, yenye mstari wa mtaro, unayo wewe au ilibaki ndani ya lile sanduku la bati stoo? Kama ni sandukuni, niruhusu nimwombe mpangaji aifungue stoo tukiwa wote wawili. Utakuja mwisho wa mwaka kama ulivyosema? Na bado wewe ni rafiki yangu baada ya barua hii? Hilo nijibu kwanza.

Nyuma ya mlima kumeanza kuwa kweusi tangu alasiri. Nimemwambia kijana wa Fundi alale kwa Bi Mkubwa leo, na mimi fimbo ikigonga nitatoka. Niandikie upesi.

Jirani yako wa ukuta mmoja