Mbao ifungwe, isishikwe na mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi seremala wenzangu wa Mtwara na Lindi, hasa sisi tunaofanyia kazi uani mwa nyumba zetu, juu ya namna tunavyoituliza mbao juu ya viunzi vya miguu minne kabla ya kuikata.

Kila msimu wa korosho unapoanza na fedha za minada kuwafikia wakulima, oda za vitanda, milango na fremu za madirisha huongezeka, nasi hufanya kazi hadi taa zinawaka. Katika haraka hiyo ndipo fundi humwita kijana wa nyumbani na kumwambia, "Nishikie hapa." Mwaka juzi nilimwita mpwa wangu hivyo hivyo. Mbao ya mkongo ilikuwa imelala juu ya viunzi viwili, nami nikawa naikata katikati yake kwa msumeno wa umeme wa mkono. Ilipokaribia kukatika ikabonyea, ikaubana msumeno, nao ukaruka kurudi nyuma. Kijana alishonwa nyuzi sita kidoleni. Kosa lilikuwa langu, si lake wala si la mashine.

Tulipokuwa tukitumia msumeno wa kawaida, kila tulipousukuma uliikandamiza mbao chini, na goti la fundi lilitosha kuituliza. Msumeno wa umeme wenye kisu cha duara hufanya kinyume, kwa sababu meno yake ya mbele hukata yakitoka chini kwenda juu, kwa hiyo huinyanyua mbao na kuitikisa, na kisu kikibanwa ndani ya mkato huirusha mashine nzima juu na nyuma, kuelekea kwa aliyeishika. Hakuna mkono wa mtoto, wala wa mtu mzima, unaoweza kuwahi kuachia. Uzito wa mbao nao si kinga: nimewasikia mafundi wakisema kuwa mninga au mkongo hauhitaji kufungwa, lakini uzito huo huo ndio unaoifanya mbao ibonyee kwa nguvu zaidi inapokatwa katikati.

Kwa hiyo mkato uwe nje ya viunzi, na kipande kinachoondolewa kining'inie huru ili kianguke bila kukibana kisu. Ikiwa kipande hicho ni kirefu na kizito, lazeni mbao mbili chakavu juu ya viunzi, kisha mbao ya kazi juu yake, na kisu kirekebishwe kipite chini ya mbao ya kazi kwa milimita chache tu. Mbao chakavu zitachanika kidogo, lakini vipande vyote viwili vitabaki vimelala.

Kuhusu kufunga, ninashauri jiriwa mbili za mkono, ambazo madukani wengi huziita klampu, moja kwenye kila kiunzi. Ukiweka moja peke yake, mbao huizunguka kama mlango unavyozunguka bawaba. Mpini wa jiriwa uelekee chini usije ukagonga mashine, na kipande cha mbao laini kiwekwe kati ya jiriwa na mbao ya kazi ili kazi isipate alama. Mtikisiko hulegeza skrubu, hivyo zikazwe upya baada ya mikato michache. Fundi asiye na uwezo wa kununua jiriwa leo asiseme hana njia. Kamba ya mkonge ikizungushwa kwenye mbao na boriti ya juu ya kiunzi, ikasokotwa kwa kijiti mpaka ikaze, kisha kijiti kikafungwa kwenye mguu wa kiunzi kisirudi nyuma, hushika vizuri sana. Nguzo za mviringo zinahitaji kabari pande zote mbili, zilizopigiliwa misumari kwenye boriti, mbali na mstari wa mkato, maana hubingirika hata zikiwa zimefungwa kamba.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya ufundi havilitilii mkazo kwa kuwa haviandikiwi ua zetu: mchanga. Hapa pwani mguu mmoja wa kiunzi huzama polepole wakati fundi anaegemea, na mbao iliyokuwa sawa asubuhi huwa imeinama adhuhuri. Ubao mpana chini ya kila jozi ya miguu humaliza tatizo hilo. Na kabla ya kuwasha mashine, isukume mbao kwa mikono miwili, mbele, nyuma na juu. Ikisogea hata kidogo, haijafungwa.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa ni kwamba mteja anayenunua msumeno wa umeme aonyeshwe jiriwa palepale, kwa kuwa wengi huondoka na mashine wasijue kuwa wamenunua nusu ya kifaa.

Mpwa wangu bado huja uani baada ya shule. Hupanga mbao na kukusanya vipande, lakini mashine inapokuwa inafanya kazi hukaa upande wa pili wa ua mpaka nitakapoizima na kuchomoa waya.

Wako,
Fundi seremala,
Mikindani, Mtwara.