Mvua inasingiziwa: madishi yafungwe kwa vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalowasumbua wenye madishi wengi kila masika yanapoanza. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa chombo cha lazima kwa wengi wanaotaka kutazama televisheni, na kwa kaya zilizo mbali na minara ya kurushia matangazo njia iliyobaki ni dishi. Hata hivyo manyunyu kidogo tu yakianguka picha hukwama, na mteja akilalamika huambiwa kwamba ni mvua, avumilie. Mimi si fundi wa biashara. Hufunga madishi na kutengeneza ving'amuzi vya majirani na jamaa kwa sababu naipenda kazi hii. Kwa niliyoyaona juu ya mapaa ya watu, nasema bila kusita kwamba mara nyingi mvua inasingiziwa.

Ni kweli kwamba mvua hudhoofisha mawimbi. Madishi madogo ya sentimita 60 hadi 90 hupokea masafa ya takriban gigahezi 11 hadi 12, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 2.5, na matone mazito huyanyonya na kuyatawanya. Madishi makubwa ya futi 6 na futi 8 hutumia masafa ya karibu gigahezi 4, ndiyo maana picha yake hutulia hata mvua inapopiga. Lakini dishi dogo lililolengwa sawasawa hubaki na akiba ya nguvu, likapoteza picha kwa dakika chache tu wakati wa mvua kubwa, kisha likarejea lenyewe. Linalozima kwa manyunyu halikuwa na akiba yoyote tangu siku lilipofungwa. Kwa dishi la sentimita 90, kukosea shabaha kwa nyuzi 1 tu hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi, na siku ya jua kali hasara hiyo haionekani kwenye kioo, kwa hiyo fundi hulipwa akaondoka na mwenye nyumba akaridhika.

Chanzo cha makosa haya ni kwamba tunafunga kwa mazoea. Setilaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, nasi tunaishi karibu kabisa na mstari huo, kwa hiyo pembe zetu ni tofauti na zile za picha na video za Ulaya ambazo vijana wengi hujifunzia. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, yaani juu ya longitudo hiyo, imesimama karibu utosini, nyuzi 81 kutoka upeo wa macho, ikielekea kaskazini-magharibi. Mtu huyo akihamia Mwanza na dishi lake, setilaiti hiyohiyo ataikuta upande wa kaskazini-mashariki. Ile ya nyuzi 7 mashariki iko magharibi kwa wote wawili, ila ukiwa Dar es Salaam kimo chake, yaani pembe kutoka upeo wa macho, ni nyuzi 52 hivi na ukiwa Mwanza kinakaribia 60. Fundi asiyejua hesabu hiyo huzungusha dishi huku na huku hadi picha itokee, na ikitokea tu hukaza bolti.

Lipo kosa jingine ambalo hulikuta mara nyingi zaidi, nalo ni kichwa cha dishi, yaani LNB, kuachwa wima kama kilivyotoka dukani. Hapa Tanga, kwa setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, kichwa hicho hutakiwa kuzungushwa karibu nyuzi 80 katika kishikio chake, wakati katika sehemu kubwa ya Ulaya mzunguko unaohitajika ni mdogo. Kisipozungushwa kiasi kinachotakiwa, mawimbi ya wima na ya ulalo, ambayo hubeba chaneli tofauti, huchanganyika, na mteja huweza kuona baadhi ya chaneli ziko safi huku nyingine zikikatika katika dishi lilelile. Nguzo nayo ipimwe kwa timazi au pima maji kabla ya jambo lolote, kwa sababu nguzo iliyoinama huharibu kila kipimo kinachofuata.

Nawaomba wasomaji wazoee kutazama vipimo viwili vilivyomo katika menyu ya king'amuzi. Cha nguvu huweza kupanda hata dishi likielekea mnazi, mradi waya umeunganishwa na kichwa kina umeme. Cha ubora ndicho kinachoonyesha kama setilaiti imepatikana, na ndicho cha kuangalia fundi anapokaza bolti. Waya pia usiungwe njiani kwa kusokota na kufunga nailoni. Huku pwani hewa ya chumvi haichelewi: maji huingia kwenye kiungo na shaba ikawa kijani kabla ya mwaka kwisha.

Kwa wanaopenda kujitengenezea, zimeni king'amuzi na kuchomoa plagi kabla ya kufungua waya wa dishi, kwani waya huo hubeba volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa, na shaba yake ya kati ikigusana na wavu wa nje huweza kuunguza saketi ndani ya king'amuzi. King'amuzi kisichowaka kabisa, mara nyingi tatizo ni kapasita zilizovimba katika sehemu ya umeme, nazo ni za bei ndogo. Lakini ndani ya sehemu hiyo kuna volti zaidi ya 300 ambazo huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo asiyejua kuziondoa asifungue.

Ombi langu kwa kampuni zinazouza ving'amuzi ni kwamba kila boksi liwe na karatasi moja ya Kiswahili yenye jedwali la miji yetu, kuanzia Mtwara hadi Bukoba, likionyesha mwelekeo, kimo na mzunguko wa kichwa kwa setilaiti inayotumika. Hesabu hizo zinajulikana na hazibadiliki kwa miaka, hivyo gharama yake ni ya uchapaji tu. Fundi naye, awe wa kampuni au wa mtaani, aandike kwenye karatasi hiyo kiwango cha ubora alichokiacha siku ya kufunga, ili picha ikianza kukwama mwenye nyumba alinganishe na kujua kama dishi limesogea au kama kweli ni mvua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji, Tanga